Malawi: Marundo ya Vumbi la Mbao

Mwaka 2015 Serikali ya Malawi ilipeleka wanajeshi katika msitu wa Dzalanyama, karibu na Lilongwe, kuwazuia wachoma mkaa. Msitu huo ni chanzo cha maji ya mji mkuu. Askari hodari aweza kuifunga njia ya msituni. Hawezi kulizima jiko la mjini linalongoja mkaa.

Kaskazini mwa nchi hiyo iko milima ya Viphya. Huko, kuanzia miaka ya 1950, ilipandwa misonobari, hekta zaidi ya 50,000, na baadaye ikakusudiwa kulisha kiwanda cha karatasi huko Chintheche, kando ya Ziwa Nyasa. Kiwanda hakikujengwa. Misonobari ikawa ya mbao, na gogo likipita kwenye msumeno mnene, nusu yake au zaidi hubaki chini: vibanzi, magome na vumbi. Rundo kubwa likiachwa hupata joto kwa kuoza kwake lenyewe, hata likashika moto kutoka ndani.

Lafaa nini? Maranda makavu ni matandiko mema ya banda la kuku, na yakichanganyika na kinyesi huwa mbolea. Mabichi yasifukiwe shambani, kwani huunyang'anya udongo naitrojeni. Yatandazwe juu tu, kuhifadhi unyevu.

Lakini kazi kubwa ni jikoni. Debe hutobolewa ubavuni, chini. Chupa husimamishwa katikati, na kijiti hupitishwa tunduni hadi kuigusa. Vumbi kavu hushindiliwa pande zote, kisha chupa na kijiti hutolewa, ikabaki njia ya moto. Jiko hilo, ambalo sharti liwe nje kwa sababu ya moshi, huivisha maharage bila kuongezwa kuni. Mpishi wa kombania aliye jirani na kiwanda cha mbao hana haja ya kutuma watu kukata miti nyuma ya kambi.

Kutoka Viphya hadi Lilongwe ni zaidi ya kilomita 200, na lori la vumbi lisiloshindiliwa hubeba hewa. Ni lazima vumbi ligandamizwe kuwa matofali papo hapo. Mwenye mashine atalipia umeme, vipuri na dizeli. Mchoma mkaa wa magendo hakulipia mti. Kwa hiyo kazi nzito iko kwa polisi wa kizuizi cha barabarani: magunia yasiyo na kibali yakipita mbele yake, hakuna atakayenunua tofali hilo mjini.