Majina Juu ya Mkokoteni



Twataka kukuelezeni ukumbusho wa shaba uliofunuliwa tarehe 19 Septemba 1993 mjini Christchurch, katika visiwa vya Nyuzilandi. Wamkumbuka Bibi Kate Sheppard, aliyeongoza kudai kura za wanawake. Hakupandishwa juu ya farasi kama majemadari. Yupo na wanawake wenziwe, mmoja wao Mmaori, Meri Te Tai Mangakahia, na mkokoteni uliochukua karatasi za majina.

Miongoni mwetu wamo wasemao kuwa kazi ya mabibi mkutanoni ni vigelegele. Wale hawakupiga vigelegele. Maombi ya 1891 na 1892 hayakufaulu, wakapita tena nyumba kwa nyumba, na mwaka 1893 wakapata sahihi karibu 32,000. (Sisi wenye maduka twaujua uzito wa karatasi yenye majina, ijapokuwa ya madeni.) Ombi lililo kubwa liligandishwa, likakunjwa kama jamvi, lilipokunjuliwa Bungeni lilikuwa na urefu wa mita 270 hivi. Tarehe 19 Septemba Gavana akaitia sahihi sheria.

Haki ya kugombea viti waliingojea hata 1919, na wa kwanza kuingia Bungeni, Bibi Elizabeth McCombs, aliingia 1933.