Gari la Umeme la Chama na Ufunguo wa Programu Yake

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Kariakoo, Dar es Salaam)



Jina la Kariakoo lenyewe ni kumbukumbu ya mizigo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliweka hapa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, kikosi cha Carrier Corps, na ndimi za wenyeji zikalifanya jina hilo Kariakoo. Soko kubwa lililobuniwa na msanifu majengo Beda Amuli likafunguliwa mwaka 1975. Tangu wapagazi wale hadi mkokoteni, guta na kirikuu, swali la mtaa huu ni lile lile: mzigo utafikaje, na kwa gharama gani?

Siku hizi jibu linalosikika katika vikao vingi ni gari dogo la mizigo linaloendeshwa kwa umeme. Shauku hiyo haikuzuka bure. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kiliendesha hadharani gari lake la umeme, Kiira EV. Mwaka 2013 kampuni ya Mitsubishi iliuza Japani kirikuu cha umeme chenye betri ya yuniti 10.5, kilichopimwa kwenda kilomita 110 kwa chaji moja. Hapa hapa Dar es Salaam, mwezi Machi 2022, mchoraji katuni Masoud Kipanya alizindua gari dogo la umeme. Basi jambo lenyewe si ndoto.

Tena gari la namna hiyo linaifaa Kariakoo. Safari ni fupi: Shaurimoyo, Gerezani, Buguruni, na kurudi. Katika foleni ya Mtaa wa Msimbazi injini ya petroli hunguruma na kula mafuta hata gari likiwa limesimama. Mota ya umeme gari likisimama nayo husimama. Likifungwa breki, sehemu ya nguvu hurudi katika betri. Na usiku gari hulala uani, ambako laweza kuchajiwa.

Hesabu yake haina ugumu. Katibu azidishe yuniti za betri kwa bei iliyo katika risiti yake ya LUKU, aongeze kidogo kwa umeme unaopotea wakati wa kuchaji, kisha alinganishe na fedha za petroli kwa mwendo ule ule. Lakini asikomee hapo. Betri huchakaa kwa umri na kwa joto, na joto la Dar es Salaam halihitaji kuelezwa. Hapana budi kila mwezi chama kitenge akiba ya betri mpya, na akiba hiyo iingizwe katika nauli ya mzigo. Chama kisichofanya hivyo kitagawana faida ambayo haipo.

Ndugu Wanachama, hayo ni ya betri. Lililofichika zaidi ni programu.

Gari la umeme huongozwa na kompyuta. Programu iliyomo ndiyo inayopima kila seli ya betri, inayozuia chaji isizidi, na inayoamuru mota izunguke au isizunguke. Chukueni mfano huu: seli moja imelegea, programu imeona hatari, imelizima gari pale Mtaa wa Kongo likiwa na magunia ya wanachama. Fundi wa Gerezani anaweza kuifungua betri kwa spana. Lakini kama programu imefungwa kwa siri ya mtengenezaji, fundi huyo hataweza kusoma kosa, na hata akiweka seli nzima gari laweza kukataa kuwaka mpaka aidhinishwe na ofisi iliyo ng'ambo ya bahari. Gari ni la chama. Ufunguo ni wa mwingine.

Ushirika wa nchi hii umekwisha kulipia somo hilo. Katika miaka ya 1960 yalinunuliwa matrekta kwa shauku kubwa, na mengi yakalala mashambani kwa kukosa vipuri na mafundi. Mkopo haukulala pamoja nayo.

Dawa mojawapo ni programu huria, yaani programu ambayo maandishi yake yako wazi, na kila mwenye ujuzi ana ruhusa ya kuyasoma, kuyasahihisha na kuwagawia wengine. Jambo hilo si geni Kariakoo. Simu za Android zimejengwa juu ya Linux, programu huria iliyoanza mwaka 1991. Tangu mwaka 2012 watengenezaji wa magari wameshirikiana kutengeneza Linux ya magari, na mwaka 2017 Toyota ilianza kuitumia katika Camry ya mwaka 2018. Aidha, mwaka 2012 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts, Marekani, walipitisha sheria ya kuwapa wenye magari na mafundi wao haki ya kupata taarifa za kutengenezea.

Hata hivyo, huria si holela. Betri ya gari ina umeme wa kuua, na breki si mahali pa kujaribia. Mlango ukiwa wazi, anayeingia bado awe fundi aliyefunzwa.

Kwa hiyo, kabla ya Mkutano Mkuu kuidhinisha ununuzi na ukomo wa madeni, muuzaji ajibu kwa maandishi:

1. Je, fundi wa chama ataweza kusoma makosa ya gari bila kibali cha kampuni?
2. Je, seli moja moja ya betri yaweza kubadilishwa hapa mjini?
3. Je, kampuni ikifungwa, programu na nywila zake zitakabidhiwa kwa chama?
4. Je, gari litaendelea kuwaka pasipo mtandao?
5. Je, dhamana ya betri ni ya miaka mingapi, na kwa kubeba kilo ngapi?

Majibu yaambatishwe kwenye mkataba, na nakala ibaki katika jalada la chama. Muuzaji anayekataa kuandika amekwisha kujibu.

Shauku ni jambo jema, maana bila hiyo chama hakisongi mbele. Lakini fedha ni za mwanachama aliyekatwa shilingi kwa shilingi. Mwanachama huyo ana haki ya gari linaloweza kutengenezwa Gerezani.