MVUVI WA BURUDANI ANATAFUTA NINI?
(Mazungumzo na maofisa wa uvuvi na wananchi)



Tangu miaka ya 1970, wataalamu wa Marekani walipoanza kuwauliza wavuvi wa burudani sababu ya kwenda majini, wengi walitaja mapumziko, hewa safi na kukaa pamoja na jamaa. Samaki naye alitajwa, ila mara nyingi si mwanzo. Sisi huku jambo hili tunaliona kwa macho. Mtumishi atokaye kazini saa tisa na nusu hushuka gatini na mshipi wake. Asipopata kitu, kesho hushuka tena. Lakini akipata changu wawili, hao ni kitoweo, na haitufalii kumwambia awaachie.

Mgeni akodiye boti kwenda Mkondo wa Pemba, ambako kina kinapindukia mita 700, ni mtu mwengine. Amtakacho nduwaro au sulisuli ni mapambano na picha. Huyo tukimtaka amrejeshe samaki baharini, hatumnyimi alichokijia. Wenzetu wa Watamu na Malindi, nchini Kenya, kwa miaka mingi wamekuwa wakiwatia samaki hao alama na kuwaachia, na alama ikionekana kwengine hujulikana samaki amefika wapi.

Kosa letu watendaji ni kuandika sharti moja kwa wote hawa. Nasema letu, kwani matangazo ya aina hiyo mengine yametoka kwa kalamu yangu mwenyewe.

Yupo na wa tatu, mvuvi anayeishi kwa bahari hiyo hiyo. Mzee mmoja wa diko aliniuliza: "Samaki wa kutosha mtaa mzima anarejeshwaje majini na watu wana njaa?" Sikuwa na jibu la haraka. Hata leo naona swali lake lina haki, hasa ikiwa samaki huyo atakwenda kufia chini. Aliyemeza ndoana hadi tumboni aghalabu hapони. Kwa hiyo masharti ya kuachia yafuatane na ndoana zenye ncha iliyopindia ndani, ambazo kwa kawaida hunasa pembeni mwa mdomo. Na samaki afikaye botini amekwisha kufa apelekwe dikoni, asitupwe.

Ndugu maofisa, kabla rasimu ya masharti haijaletwa ofisini, nakuombeni mkae gatini jioni moja, na asubuhi moja dikoni, mkiwauliza watu hawa wanachokifuata baharini. Majibu yao yaambatanishwe na rasimu hiyo.