Mtoto wa Kupakatwa Naye ni Abiria



Kwa familia nyingi za Mafia, safari ya ng'ambo huanzia baharini, iwe kwa chombo kinachopita upande wa Shungimbili au kwa boti ya Kilindoni kwenda Nyamisati. Mtoto mnayempakata hana kiti, lakini ni abiria kamili. Hakikisheni jina lake limo katika orodha ya abiria, na daini jaketi okozi linalolingana na mwili wake kabla chombo hakijang'oa nanga. Jaketi la mtu mzima humchopoka mtoto majini.

Kwa ndege, mtoto ahitaji pasipoti yake mwenyewe na tiketi yenye jina lake, hata akipakatwa. Mashirika mengi huruhusu apakatwe hadi atimize miaka 2. Akiitimiza mkiwa ugenini, atahitaji kiti cha kulipiwa wakati wa kurudi. Basi tajeni tarehe yake ya kuzaliwa siku ya kununua tiketi, msije mkadaiwa nauli mpya uwanjani.

Twawasihi pia mtunze tiketi na risiti zote, kwani ndizo ushahidi wa malalamiko yenu.