Bure Ghali

Msikilizaji, mtu akiniuliza atembelee wapi jijini Guatemala bila kutoboa mfuko, namwambia aanzie uwanja mkuu, Plaza de la Constitución. Hapo hakuna kiingilio. Nyuma ya Kanisa Kuu kuna soko lililojengwa upya chini ya ardhi baada ya tetemeko la mwaka 1976. Humo vinauzwa vitambaa vinavyofumwa na akina mama wa Kimaya. Bei ni maelewano.

Lakini kabla ya kununua, namwomba asimame mbele ya nguzo za kanisa. Zimejaa majina ya maelfu ya watu waliouawa au kutoweka katika vita vya 1960 hadi 1996. Wengi wa waliokufa katika vita hivyo walikuwa Wamaya. Aprili 24, 1998, Askofu Juan Gerardi alitoa ripoti ya maovu hayo. Siku mbili baadaye naye akauawa.

Kuyasoma majina yale ni bure. Wahenga walisema bure ghali, na hapa gharama walishalipa wengine. Basi ukifika kwa muuza vitambaa, usimkamue hadi senti ya mwisho. Huenda jina la nduguye limechongwa pale juu.