Kampuni ya Mafuta katika Safari ya Nishati Safi: Funzo la Equinor ya Norwei

Nafasi ya kampuni za mafuta katika kuhamia nishati yenye kaboni ndogo, yaani nishati ambayo uzalishaji na matumizi yake hutoa gesi chache zinazolipasha joto angahewa, haiwezi kupimwa kwa ahadi za kampuni hizo, kwa kuwa ahadi hubadilika kadiri soko linavyobadilika. Mhadhara huu unaichunguza Equinor, ambayo dola ya Norwei inamiliki asilimia 67 ya hisa zake, na unatetea hoja kwamba ujuzi wa kampuni ya mafuta ni hazina kubwa katika mageuzi hayo, lakini kinachoamua hazina hiyo itumike wapi ni sheria na kodi, wala si nia njema ya wakurugenzi.

Kampuni hiyo iliundwa na Bunge la Norwei mwaka 1972 kwa jina la Statoil, ikiwa chombo cha umma cha kusimamia mafuta ya Bahari ya Kaskazini. Mwaka 1991 serikali ilianza kutoza kodi ya hewa ukaa, na wachimbaji wa baharini hawakusamehewa. Gesi asilia ya Sleipner Magharibi, eneo la uchimbaji la kampuni hiyo katika Bahari ya Kaskazini, ilikuwa na hewa ukaa inayokaribia asilimia 9, kiwango kilichozidi mno kile wanunuzi walichokikubali, hivyo ilibidi hewa hiyo itenganishwe. Na kwa kuwa kuiachia angani kungelipiwa kodi mwaka hadi mwaka, kampuni iliamua kuizika. Tangu 1996 hewa hiyo imekuwa ikisukumwa kwa mgandamizo hadi kwenye tabaka la mwamba wa mchanga wenye vinyweleo vilivyojaa maji ya chumvi, chini kabisa ya sakafu ya bahari, kwa kiasi ambacho kwa miaka mingi kilikaribia tani milioni 1 kwa mwaka. Wachorongaji na wanajiolojia waliozoea kutoa gesi ardhini ndio waliofanikisha kuirudisha, na kodi ndiyo iliyowapa sababu.

Ujuzi wa kampuni hiyo katika kazi za baharini ulizaa pia mitambo ya upepo inayoelea, ambayo hufungwa kwa minyororo na nanga badala ya kusimikwa kwenye sakafu ya bahari, na hivyo hufaa pale ambapo kina kinazuia ujenzi wa misingi. Mwaka 2017 mitambo 5 ya aina hiyo, yenye uwezo wa megawati 30, ilianza kuzalisha umeme nje ya pwani ya Uskoti, na mwaka uliofuata kampuni ilijiita Equinor ili jina lake lisifungwe kwenye mafuta pekee.

Hata hivyo, mradi uliofuata, Hywind Tampen, wenye mitambo 11 na megawati 88, ulijengwa ili kuyapatia umeme majukwaa ya kuchimba mafuta na gesi ya Snorre na Gullfaks. Hapa ndipo tofauti muhimu inapojitokeza: kusafisha uchimbaji si sawa na kuacha kutegemea mafuta, kwa sababu sehemu kubwa ya gesi joto hutoka pale mafuta yanapochomwa na mnunuzi, mara nyingi katika nchi nyingine. Aidha, Februari 2025 Equinor ilishusha lengo lake la nishati jadidifu la mwaka 2030 kutoka gigawati 12 hadi 16 na kuwa gigawati 10 hadi 12, huku ikipanga kuongeza uzalishaji wa mafuta na gesi. Umiliki wa dola peke yake haukuzuia uamuzi huo, kwa kuwa dola yenyewe hufaidika na mapato ya mafuta.

Funzo hili linaigusa Tanzania moja kwa moja, kwani Equinor ndiyo mwendeshaji wa Kitalu Namba 2 katika bahari kuu, ambako gesi iligunduliwa kuanzia 2012, na kiwanda cha kuigeuza kuwa kimiminika kimekusudiwa kujengwa Lindi. Majadiliano ya mkataba wa mradi huo hayana budi kueleza nani atabeba gharama ya hewa ukaa, sehemu gani ya mapato itajenga umeme wa jua, upepo na jotoardhi, na wahandisi wa Kitanzania watafundishwa stadi zipi zitakazodumu baada ya gesi kwisha. Masharti hayo yana nguvu yakiandikwa kabla ya mtaji kuzama baharini, kwa maana kampuni ya mafuta hubadilika pale tu ambapo kubaki ilivyo kunaigharimu zaidi.