Mvua ya Vuli Huanzia Baharini

(Muziki wa kipindi unashuka)

MTANGAZAJI: 

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Leo tuzungumzie dalili inayotangulia mawingu kwa wiki nyingi, nayo iko mbali, baharini.

Kumbuka hali ilivyokuwa. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo ilikuwa na mvua haba katika sehemu kubwa za Somalia, kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Mifugo ilikufa, na wengi walihama makwao. Kisha ikaja vuli ya 2023. Mvua ilinyesha hadi Dadaab ikafurika, na maelfu ya wakimbizi wakaacha makao yao. Ardhi ni ile ile. Kilichobadilika ni nini?

Fikiria sufuria ya maji jikoni. Yakipata moto, mvuke hupanda. Na baharini, pale maji yalipo na joto zaidi, hewa yenye unyevu hupanda, mawingu hujengeka na mvua hunyesha. Hewa hiyo ikishafika juu husafiri, kisha hushuka mahali pengine ikiwa kavu. Pale inaposhuka, mawingu ya mvua hujengeka kwa shida.

Bahari ya Hindi ni kama mizani. Kwa kawaida, wakati wa vuli, joto zaidi huwa upande wa Indonesia. Upepo wa karibu na ikweta huelekea huko na unyevu wake. Lakini kuna miaka ambapo mizani hugeuka. Upande wetu hupata joto, upande wa Indonesia hupoa, na upepo huleta unyevu kwetu. Hapo sisi hupata mafuriko na wao ukame. Ndivyo ilivyokuwa 1997, 2019 na 2023.

Bahari ya Pasifiki nayo ina mkono wake. Ikiwa na El Niño, kama 1997 na 2023, vuli yetu mara nyingi huwa na mvua nyingi. Ikiwa na La Niña, kama ilivyokuwa katika ile miaka ya ukame, mvua mara nyingi hupungua.

Kwa hiyo, msikilizaji, ukame ule haukuwa laana ya mtu, wala mafuriko hayakuletwa na jirani mgeni.

Joto la bahari hupimwa kila siku kwa setilaiti na maboya. Ndiyo maana kituo cha hali ya hewa cha IGAD, ICPAC, hutoa utabiri kabla ya msimu kuanza. Lakini utabiri si ahadi. Ukisikia uwezekano wa mvua nyingi ni asilimia 60, maana yake katika misimu 10 ya namna hiyo, takriban 6 itakuwa na mvua nyingi, na 4 haitakuwa nayo.

Je, inafaa kujisumbua? Ukichimba mtaro kuzunguka makao yako na mvua isije, umepoteza jioni moja. Usipochimba na mvua ikaja, unaweza kupoteza unga, magodoro na kadi ya mgao.

Basi ukisikia tahadhari, chimba mtaro mapema. Funga kadi na vyeti ndani ya plastiki. Muulize kiongozi wa bloku sehemu iliyoinuka ni ipi. Na watoto wasicheze ndani ya laga: mvua ikinyesha mbali milimani, maji yanaweza kuwafikia bila tone kuanguka hapo walipo.

Leo jioni, zungumzeni nyumbani: maji yakija usiku, nani atamshika bibi mkono, na nani atabeba mtoto?



(Muziki unapanda)